Siku Tuliyoimba Mahali Badala ya Mahari

Wenzangu mliokua upande wa Didia miaka ile ya sabini mtanielewa haraka. Enzi zetu redio ilikuwa moja kwa kijiji kizima, na betri zake zilianikwa juani kama michembe ya viazi ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Sinema tuliisikia kwa waliofika mjini. Lakini tulikuwa na ghala la pamba, na kila mavuno yalipokwisha kusombwa na malori, ghala lile lilibaki tupu, linanuka mbegu na vumbi. Hapo ndipo kikundi cha kijiji chetu kilipocheza mchezo wa nyimbo ulioitwa "Bibi Harusi Amekataa".

Kwa wale ambao hawakuuona, nitaueleza taratibu. Baba mmoja mwenye tamaa anapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa tajiri aliyezeeka, bila kumwuliza binti yake. Binti anataka kwenda kusomea uuguzi. Wanazozana kwa nyimbo mchezo mzima, na mwishoni binti anasimama mbele ya wazee wote, anavua shela, anaimba: "Rudisheni mahari yangu, rudisheni leo." Ng'ombe wanarudishwa kwa tajiri, binti anashika sanduku lake, na sisi tunapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wanakimbia.

Baba wa binti aliigizwa na Mzee Ngasa, fundi baiskeli, ambaye ndevu zake zilikuwa pamba halisi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo. Kila alipokasirika jukwaani, mbegu mbili tatu zilidondoka. Ng'ombe alikuwa ngozi moja kubwa iliyobebwa na vijana wawili, mmoja miguu ya mbele, mwingine ya nyuma. Nyimbo zote alizitunga Mwalimu Mbaruku, mtu wa Pangani aliyeletwa kutufundisha, mwembamba, mwenye kofia nyeupe na kinanda cha kuvuta kwa mikono. Na binti, nyota yetu, alikuwa Kabula, msichana aliyemaliza darasa la saba mwaka mmoja kabla ya mchezo kuanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba mwanzoni, halafu inajaa polepole kama ndoo chini ya mchirizi.

Tulikuwa tukienda Jumamosi alasiri, baada ya mnada. Watoto tulikaa mbele kabisa, juu ya mchanga, kila mmoja na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, na karanga ndani ya pindo la nguo. Mchezo ule tuliujua wote kwa moyo. Shuleni wakati wa mapumziko tuliacha rede na kombolela tukauigiza, na ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani awe Kabula. Mimi hadi msimu wa mwisho nilikuwa darasa la nne na sikuwahi kuwa Kabula hata siku moja. Nilikuwa miguu ya nyuma.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, kwa sababu hadithi yote imekaa juu yake. Kisukuma chetu hakina "r". Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma akikutana na "r" anaiweka pembeni na kupita na "l". Mwalimu Mbaruku, mtu aliyezaliwa pwani, masikio yalimwuma. Alitusimamisha mstarini asubuhi, akasema, "Rarua karatasi." Nasi kwa moyo wote, "Lalua kalatasi." Alitukazania mpaka wengine wakazidisha dawa, wakaanza kutia "r" hata pasipohusika. Rafiki yangu mmoja aliomba ruhusa akisema anakwenda nyumbani kura ugari.

Kwa hiyo Kabula aliposimama mbele ya wazee na kuvua shela, alichoimba hakikuwa kile kilichoandikwa katika daftari la Mwalimu. Aliimba, "Ludisheni mahali yangu, ludisheni leo." Na ghala zima tulimwitikia hivyo hivyo, kwa l zote, tukigonga miguu.

"Kabula mwanangu," Mwalimu alimwambia mbele yetu baada ya onyesho moja, "mahari. Ulimi uupandishe juu, utetemeke. Mahari."

"Ndiyo, Mwalimu," Kabula akajibu kwa heshima. "Mahali."

Tulicheka mpaka Mzee Ngasa akapoteza ndevu.

Mama yangu hakukosa onyesho hata moja. Watu walimwita Mama Masanja, kwa jina la kaka yangu wa kwanza, ambaye sikumwona, kwa sababu alifariki kabla sijazaliwa. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kununulia chumvi. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kanga yake imefunika mdomo. Na kila Kabula alipofika kwenye mstari ule, mama alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye hakuyafuta. Nilidhani anamhurumia binti kwa habari ya ng'ombe.

Mchezo ule uliendelea kwa misimu mitatu. Halafu mambo yakaanza kulegea, kama mnavyojua yanavyolegea. Kijana wa miguu ya mbele ya ng'ombe alisikia habari za dhahabu ya Rwamgasa, akaondoka alfajiri moja na sururu begani. Kabula akaposwa na mtu wa Ushirombo. Na mwisho Mwalimu Mbaruku akapata barua ya uhamisho ya kurudi pwani. Ikatangazwa kwamba Jumamosi ya pili, baada ya mnada, mchezo utachezwa kwa mara ya mwisho, tumuage Mwalimu, halafu basi.

Asubuhi moja katika wiki zile mbili, nilipokwenda kisimani, nilimkuta Kabula peke yake, ndoo imejaa zamani, ananguruma. Kweli, ananguruma kama trekta: "Trrrr. Trrrr. Rrrru. Rrrrudi." Aliponiona aliona aibu, kisha akaniapisha nisimwambie Mwalimu.

"Ametufundisha miaka yote hii," akaniambia, "na sina cha kumpa. Nataka siku ya mwisho aisikie r yake. Itakuwa zawadi yangu."

Siku iliyofuata akaipata. "Rudisheni mahari yangu," akasema pale kisimani, safi kama mtu wa Pangani, mpaka tukakumbatiana tukamwaga maji.

Niliahidi nisimwambie Mwalimu. Sikuahidi lolote kuhusu mama. Jioni ile mama alikuwa anasonga ugali, nami nikamwambia kwa furaha, "Mayu, Kabula ameipata r! Jumamosi atausema vizuri ule mstari wake."

"Atasema nini?"

"Mahari. Zile ng'ombe za kuolea."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Mama akauliza kwa Kisukuma, polepole, "Kwani siku zote alikuwa anasema ng'ombe?"

Ndipo nilipoelewa, na nilikuwa mtoto wa miaka kumi tu, sikujua niweke wapi nilichokielewa. Mama alikuwa amesikia mahali. Kwa misimu mitatu alikuwa amemsikia msichana anasimama mbele ya wazee, mizigo yake imefungwa, anataka arudishiwe mahali pake. Sisi sote tulihamishiwa kijiji kile kipya kwa lori, mimi nikiwa mdogo nimepakatwa juu ya magunia. Nyumba yetu ya zamani ilibaki mahame, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na ua wake wa minyaa. Na nyuma ya minyaa, chini ya jiwe, alibaki Masanja.

"Mimi Jumamosi siendi," mama akasema. "Wewe nenda."

Nikalala na hatia siku zote zilizobaki. Nilitaka kumwomba Kabula aache r yake, lakini ilikuwa zawadi, na alikuwa ameitafuta kwa kunguruma kisimani. Nilitaka kumwambia mama aje tu, labda Kabula atasahau. Sikuthubutu lolote kati ya hayo mawili.

Jumamosi ikafika. Ghala lilijaa kuliko siku yoyote. Watu walitoka vijiji vya jirani, wengine walipanda juu ya marobota machache yaliyokuwa yamebaki, na wanawake walikuja na kanga zao nzuri kana kwamba ni harusi ya kweli. Ng'ombe alitokea na miguu ya nyuma tu, kichwa kinaburuzwa chini, na mtu mmoja akapaza sauti, "Huyu wa mbele yuko Rwamgasa anachimba!" Tukacheka, halafu kicheko kikakatika mapema, kwa sababu kila mtu alikuwa anaukumbuka mwisho. Mzee Ngasa alipoimba wimbo wake wa tamaa alikohoa katikati, akasingizia pamba.

Niligeuka nyuma. Mama alikuwa mlangoni, amesimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Kabula akavua shela. Akamtazama Mwalimu, akavuta pumzi, akaimba: "Rudisheni mahari yangu, rudisheni leo."

Kila r ilisikika. Vidole vya Mwalimu vilisimama juu ya kinanda. Alivua kofia yake, akaishika kifuani. Zawadi ilikuwa imefika.

Lakini ghala lilinyamaza. Sisi tuliozoea kuitikia tulikuwa tumefungua midomo na hatukujua tutie nini ndani. Haukuwa mstari wetu. Kabula akatuangalia, macho yake yakaanza kuingiwa na hofu, kama mtu aliyebisha hodi nyumbani kwao na asijibiwe.

Kisha kutoka mlangoni ikaja sauti ya kukwaruza, isiyojua kuimba, ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiongea hadharani.

"Ludisheni mahali yangu."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akamnyamazisha: "We! Ni Mama Masanja huyo."

Mama akashusha kanga mdomoni, akaimba tena, peke yake, "Ludisheni mahali yangu, ludisheni leo." Na mwanamke mmoja aliyekuja nasi kwenye lori lile akajiunga. Halafu mzee mmoja, fimbo mkononi. Halafu upande mzima wa nyuma, wale waliokuwa na mahame yao kila mmoja, na hapo nikajua kuwa mama hakuwa peke yake aliyesikia hivyo misimu yote ile. Wimbo ukasogea kutoka nyuma hadi ukatufikia sisi wa mchangani, nasi tukaimba bila kujua vizuri tunalilia nini.

Kabula alimgeukia Mwalimu, amepotea. Mwalimu Mbaruku alimtazama mama. Kisha akavaa kofia, akashika kinanda, akaanza upya. Nami niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake nilimsikia kwa masikio yangu: mtu wa Pangani, aliyetuchapia r, anaimba mahali. Kabula akaimba naye. Hatukuweza kuumaliza wimbo. Kila ulipofika mwisho mtu mmoja aliuanza tena.

Baadaye, watu wakipeana mikono na kufutana machozi, Kabula alimfuata mama mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo, Mayu. Nisamehe. Sikujua."

"Marahaba," mama akasema. Akamwinua. "Wewe umeimba vizuri. Ile ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu. Hii ya pili nilikuwa naomba yangu."

Jumatatu Mwalimu aliondoka na basi la asubuhi. Kabula akaenda Ushirombo. Ghala likajaa pamba, likabaki tupu tena, na msimu uliofuata hapakuwa na aliyevua shela humo tena.

Leo wajukuu zangu wanatazama michezo mia kwenye simu, na hawajui hata mmoja kwa moyo. Mwigizaji akiteleza neno, wanakikata kipande kile, wanakirusha kwa watu wasiomjua wamcheke. Siwalaumu sana. Wanatamka r zote vizuri, na wamesoma kuliko sisi. Ila huwa nawaambia, nyinyi mnatazama kila mtu na simu yake, kila mtu na kicheko chake. Sisi tulikuwa na mchezo mmoja, tukaukosea pamoja, na kosa letu likawa na nafasi ya sisi sote kukaa.

Mama alipofariki, amekwisha kuwa bibi wa watu wengi, hatukubishana azikwe wapi. Tulimpeleka kwenye mahame, nyuma ya minyaa, ambayo bado ipo na imekuwa mirefu, pembeni ya lile jiwe. Kabula alikuja kutoka Ushirombo akiegemea mkongojo. R anaitamka vizuri siku hizi kuliko mtangazaji wa redio. Udongo ulipokwisha kusawazishwa alijisafisha koo, akaanza wimbo ule, nasi wachache tuliobaki wa ghala lile tukaitikia.

Mjukuu wangu alishusha simu yake, akaninong'oneza, "Bibi, mnakosea. Si ni mahari?"

Kabula alimsikia. Akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Hapana, baba. Hapa ni mahali."

Akaendelea kuimba.