Mipira ya Baba, Nyavu za Shangazi

Watu wakiingia dukani kwangu Kisesa kununua mpira, huubonyeza kwa kidole gumba, huudundisha sakafuni, kisha huuliza bei. Hakuna anayeuliza nani ameushona. Na hata wangeuliza, ningewajibu nini? Haukushonwa. Umegandishwa kwa gundi na mashine katika nchi ambayo sijawahi kufika. Nauza, nakula, namshukuru Mungu. Lakini mimi ni mtoto wa watu waliokuwa wakitengeneza mipira kwa mikono yao, na zipo siku ambazo kazi hii ya kuuza vya wengine hunikwama kooni kama mwiba wa sato.

Karakana yetu ilikuwa Buzuruga, nyuma ya stendi, katika nyumba ndefu ya mabati iliyowahi kuwa stoo ya pamba. Baba alianza kama fundi viatu. Siku moja mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alimletea mpira wa ngozi uliopasuka, akamwomba autie kiraka. Baba hakutia kiraka. Aliufumua wote, akavitandaza vipande vyake mezani, akavichora kimoja kimoja kwenye boksi gumu, kisha akakata vya kwake kutoka ngozi ya ng'ombe aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya viatu. Mpira wake wa kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, ulitoka kama kiazi. Wa pili ulikaribia yai. Baba alikuwa mtu wa kushindana na vitu; kitu kikimkatalia ndipo anapokipenda. Akakata na kushona na kufumua, mpaka mpira ukatoka mviringo, na yule mwalimu akaupata mpya badala ya ule mbovu. Habari zikaenea.

Shangazi yangu, mdogo wake wa pekee, alikuja baadaye. Alikuwa ameolewa Nansio na mvuvi, na huko ndiko alikojifunza kufuma nyavu. Mumewe alipofariki, wala hawakujaliwa mtoto, alipanda meli akaja kwa kaka yake na sanduku moja la bati. Baba akampa kiti karibu na dirisha. Haukupita muda tukajua nani ana mikono katika ukoo wetu. Baba alikuwa na kichwa, hilo simnyimi, lakini mishono yake ilikuwa ya fundi viatu, mizito na ya haraka. Shangazi alishona mshono usioonekana.

Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama wa mtaani waliokuja kufanya kazi kwetu. Walikaa kwenye mikeka, kila mmoja na kibano cha mbao katikati ya magoti, mpira ukiwa umegeuzwa ndani nje, na uzi uliopakwa nta ukilia kila unapovutwa. Ukikaribia mwisho unaugeuza mpira, unatia ule mpira mwembamba wa ndani unaojazwa upepo, kisha unabaki upenyo mdogo ambao lazima ufungwe kutokea nje, kwa kupapasa, bila kuona upande wa pili. Mshono huo aliuweza shangazi peke yake. Kila mpira uliotoka Buzuruga ulimaliziwa mapajani mwake.

Na tulikuwa na desturi yetu. Mpira haukutoka bila kuchezwa. Jumamosi mchana akina mama walifunga khanga zao viunoni, wakatoka peku hadi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya karakana, wakagawana timu. Wapita njia walisimama kucheka. Mama mmoja mnene ambaye hakuna aliyeweza kumpita alikuwa akiwajibu, "Cheka, cheka, mumeo ndiye atakayeupiga huu kesho!" Baba alisimama pembeni akiuangalia mpira tu, wala si wachezaji. Ukiyumba hewani, ulirudi mezani.

Goli moja la uwanja ule lilikuwa na wavu, ambao shangazi aliufuma jioni kwa nyuzi za nyavu za kuvulia. Hakuna aliyemwagiza. Alisema goli bila wavu linabishaniwa, na amechoka kusikia kelele. Shule moja ikauona, ikataka. Kisha ya pili. Shangazi akaanza kumwambia baba, kwa upole, kwamba huenda riziki yetu iko kwenye nyavu kuliko kwenye mipira, maana kufuma watu wa ziwa wanajua tangu kuzaliwa, na nyuzi ziko mlangoni. Baba alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Wavu hauna sifa," alimwambia. "Nani aliwahi kushangilia wavu?"

Hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa maoni yangu, ingawa matunda yake yalichelewa.

Mipira ya ngozi ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mvua za masika zikishika, ilikunywa maji. Kufikia kipindi cha pili mpira ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mtu akiupiga kichwa aliona nyota. Wakati huohuo mipira ya plastiki kutoka nje ilikuwa imeanza kuingia madukani, myepesi, ya rangi, isiyojua mvua. Wateja wakaanza kupungua. Baba akashindana na maji kama alivyoshindana na vile vipande vya boksi. Alijaribu nta, ikapasuka. Alijaribu mafuta ya mawese, yakaacha madoa. Mwisho akajaribu mafuta ya sangara, yale yanayochemshwa kutoka kwenye mabaki ya samaki, ambayo kwetu yanapatikana kwa wingi kama mchanga. Akaupaka mpira, akauanika juani, akaupaka tena. Kisha akautumbukiza kwenye pipa la maji mbele yetu sote. Maji yaliteleza yakadondoka. Ngozi ikabaki laini, kavu, ya kahawia iliyong'aa. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kumwona baba na furaha kama ile, wala kabla wala baada.

Msimu ule tuliuza vizuri. Kuanzia Igombe hadi visiwani watu walicheza katika mvua na mipira yetu, wakasifu. Kwa sifa hizo tukapata oda kubwa kuliko zote, ya mashindano ya mji mmoja wa mbali huko bara, mbali na ziwa, ambako mwandaaji aliahidi kwamba mipira ikifaa, wilaya nzima itachukua kwetu. Tulikesha tukishona. Mipira ikapakiwa kwenye magunia, yakashonwa mdomo, yakapandishwa juu ya basi. Safari ilikuwa ya jua kali.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria harufu. Nataka nieleweke hapa, kwa sababu watu nikiwasimulia huniuliza, mlikuwa mmeziba pua? Hapana. Tulikuwa watu wa ziwa. Dagaa wanaanikwa kando ya njia tunayopita, samaki wako jikoni asubuhi na jioni, nguo zetu zenyewe zina ziwa ndani yake. Harufu ile kwetu ni hewa. Wateja wetu wa visiwani nao walikuwa hivyohivyo. Kumbe ngozi iliyonyweshwa mafuta ya samaki, ikafungiwa kwenye gunia, ikapikwa na jua njia nzima, huvunda. Walipofungua magunia, tuliambiwa, watu walikimbia. Mwamuzi alikataa kuushika mpira kwa mikono. Walipojaribu kucheza, mbwa wa mji waliingia uwanjani, wakaufukuza mpira pamoja na wachezaji, na mechi ikavunjika kwa vicheko. Magunia yakarudishwa kwa basi lilelile, na kondakta alitaka yafungwe nyuma, nje.

Ningeweza kucheka, na kuna siku nacheka. Lakini nilikuwepo pale magunia yalipoteremshwa, na niliuona uso wa baba.

Aliingia karakanani. Akina mama wote walikuwepo, sindano mkononi. Shangazi akainuka kumpokea, akasema, "Pole, kaka. Tutashika nyavu kwanza, tujiinue." Alisema vizuri, hakumsuta. Lakini mtu aliyeaibika hupigwa na neno jema kuliko baya. Baba akamgeukia, akamwambia mbele ya wote:

"Tangu ulipotoka Nansio nyumba hii inanuka samaki."

Mafuta aliyatafuta yeye. Aliyachemsha yeye, akayapaka yeye. Shangazi hakumkumbusha lolote kati ya hayo. Alimalizia mshono uliokuwa mapajani mwake, akaukata uzi kwa meno, akauweka mpira mezani. Kesho yake alipanda meli na sanduku lake la bati.

Tulidhani ni hasira za wiki. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema hasara yenyewe huja polepole namna gani. Mipira ilianza kufumuka pale pale pa mwisho, kwa sababu hakuna aliyeuweza mshono ule. Baba alijaribu kuufunga mwenyewe, akajitoboa vidole. Oda za nyavu zilikuja, akawarudisha watu. Akina mama wakaondoka mmoja mmoja, huyu kuuza mboga, yule kurudi kwao Magu. Mwisho baba akabaki anatia viraka mipira ya plastiki ya watu, nyumba ikapangishwa kwa muuza saruji, na mimi nikaenda Kisesa kufungua duka.

Kilichonitia uchungu ni kwamba walikuwa wakiuliziana hali. Simu zilipoenea, kila mmoja alikuwa na yake, na kila mmoja alinipigia mimi. "Kaka hajambo? Anakula?" "Shangazi yako mguu umepona?" Nikimwambia baba ampigie, alisema mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, dunia haijageuka. Nikimwambia shangazi aje, alisema dada akitoka kwa kaka yake kwa neno, kaka ndiye anayemfuata, ndivyo walivyolelewa. Wote wawili walisema kweli. Walilelewa nyumba moja, na mama yao aliwafundisha yote mawili. Niliwakasirikia mno. Bado nawakasirikia, na yeyote atakayeniambia ile ilikuwa heshima namwambia heshima isiyovuka maji haina faida.

Mwaka juzi baba aliugua, akapona nusu. Akaniambia nimpeleke Nansio. Melini alikaa akinong'ona peke yake, akipanga maneno. Tulipofika, shangazi alikuwa kibarazani. Alipomwona akainuka kwa kujishikilia ukutani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," baba akaitikia. Akaketi. Hata chai hakungoja. "Dada yangu, lile neno. Nilikosea."

"Lile?" Shangazi akatabasamu. "Lile liliisha kabla sijashuka melini, kaka."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Nilikuwa nangoja unifuate. Mwaka wa kwanza sikutoa nguo sandukuni. Nilijua utakuja."

Baba akainamisha kichwa. Kisha akakiinua, na nikaiona ile sura yake ya kushindana na vitu, niliyodhani imekufa.

"Basi nimekuja. Twende. Nyumba naweza kuidai kwa yule muuza saruji. Tutaanza na nyavu, kama ulivyosema."

Shangazi aliitoa mikono yake kwenye khanga, akaiweka juu ya meza kati yao. Viungo vilikuwa vimevimba, vidole vimepinda kuelekea upande mmoja, na alipojaribu kukunja ngumi havikukutana.

"Kikombe tu nashika kwa mikono miwili," akasema. "Utanipeleka nikafanye nini?"

"Hutafanya kitu. Utakaa tu."

"Kukaa, kaka, nakaa hata hapa."

Baba akaishika ile mikono. Akaanza kuvinyoosha vile vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, na kila alipokiachia kilirudi kilipokuwa. Shangazi alimwacha afanye.