Kamera Yenye Nafasi Mbili za Kadi

Nilipoteza ndoa ya watu Igowole. Sherehe ya ukumbini niliipata yote: keki, zawadi, wajomba waliocheza mpaka mashati yakalowa. Kilichopotea ni picha za kanisani. Ibada ilipokwisha, nikiwa kwenye nyasi nje ya kanisa, kamera iliandika kwamba haioni kadi. Nikaichomoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Haikuiona. Nikaweka nyingine nikaendelea na kazi, huku nikiwaambia watu watabasamu.

Fundi wa kompyuta hapa Mbeya alihangaika na ile kadi siku tatu, kisha akanirudishia mkononi bila picha hata moja. Wapiga picha wenzangu wa Mwanjelwa, wanaume tupu, walinipa ushauri wa haraka. Mmoja alisema, "Waambie umeibiwa stendi." Mwingine akasema, "Sema mchungaji alikataza picha. Nani atamuuliza mchungaji?"

Nikapanda basi kurudi Igowole.

Bibi harusi nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye turubai, ukungu haujaondoka. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Bibi yangu alisimama wakati wa kiapo. Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Sasa picha iko wapi?"

"Haipo, dada."

Bibi yake alikuwa hajasimama kwa miguu yake tangu augue mwaka uliotangulia. Siku ile, mjukuu alipoanza kuapa, alishika benchi la mbele akanyanyuka, na hakukaa mpaka pete zikavaliwa. Niliyaona hayo kwa jicho langu kupitia lenzi. Na sasa nilikuwa nimekuja kusema hayapo.

Alinipeleka kwa bibi huyo, nyumba ya tatu kutoka pale. Nikamsalimia kwa Kihehe changu kibovu, akacheka. Mjukuu akamwelezea, kisha akamwomba asimame kidogo tu, nipige upya. Yule bibi akanitazama.

"Mimi nilishasimama," akasema. "Nilisimama siku ya harusi. Sisimami kwa ajili ya kamera yako."

Nikampiga akiwa amekaa, mikono magotini, uso umekaza. Ndiyo picha bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Lakini siyo ile waliyonituma.

Ndani ya basi la kurudi niliapa kwamba sitasimama tena mbele ya madhabahu na kamera yenye nafasi moja ya kadi. Niliiuza ile niliyokuwa nayo, jitu zito lenye mkanda mpana ambalo wenzangu waliliheshimu kuliko walivyoniheshimu mimi, nikaenda Iringa. Kule kuna mzee wa Kihindi ambaye amekuwa akiniuzia karatasi za picha tangu nianze kazi. Aliweka kamera mbili juu ya kaunta. Moja mpya, kubwa, inang'aa, picha zake unaweza kuzikuza zikajaa ukuta, lakini kadi ni moja. Ya pili ndogo, imetumika, kona moja imechubuka. Hiyo inaandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja.

"Binti, nikwambie ukweli," alisema. "Hii ndogo ni nzuri. Lakini ukienda nayo harusini, watu watakudharau."

"Watu wananidharau hata nikiwa na kubwa, mzee."

Nilimwomba azime taa za stoo. Tukaingia gizani kati ya maboksi, nikampiga bila flashi. Kamera haikutoa mlio wowote. Alidhani bado natafuta kitufe. Nikatazama: macho yake yalionekana, hata tundu dogo la sweta. Nikachomoa kadi ya kwanza mbele yake, nikaiweka mfukoni, nikafungua ya pili. Picha ileile ilikuwepo. Nikailipia palepale.

Mwanjelwa walicheka wiki nzima. "Umenunua ya kupigia paspoti?" Niliwaacha. Kazi ya kwanza kubwa niliyoipata baada ya hapo ilikuwa Rujewa. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa baba mkubwa wa bibi harusi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu aliyezoea kuitikiwa. Alinikuta mlangoni mwa kanisa.

"Mpiga picha yuko wapi?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi."

Akaitazama kamera. "Na kamera yako umeiacha wapi?"

"Ndiyo hii."

Akamwita mtu wa video, akachukua kamera kubwa ya akiba kutoka kwenye begi la huyo mtu, akanisogezea. "Shika hii. Hata usipoitumia, ining'inize shingoni, wageni waone tumeleta mtu wa maana."

"Hapana, baba."

"Unasemaje?"

"Shikamoo nimekupa kwa moyo wote. Hiyo siivai. Kama haifai hii niliyokuja nayo, niambie sasa hivi nirudi Mbeya."

Honi za msafara zilikuwa zimeshafika kwenye mfereji wa mashamba, na tarumbeta nyuma yake. Hakuwa na muda wa kutafuta mwingine. Akaniacha pale. Ukumbini alimwambia MC anitambulishe kama msaidizi wa mtu wa video, na MC akatii. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga picha.

Kabla ya hapo, kanisani, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa maharusi, na kwa kuwa kamera haina mlio, mchungaji hakugeuka hata mara moja. Baba wa bibi harusi alilia kimya, akajifuta kwa tai, akidhani hakuna aliyemwona. Ninayo ile picha, mara mbili.

Miezi michache baadaye mwenyekiti alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa anamwoza binti yake wa kumzaa. Alisema picha za harusi ile zimewafurahisha sana nyumbani, kwa hiyo nijiandae. "Ila safari hii, tafadhali, njoo na kamera kubwa. Tutakuwa na wageni kutoka Dodoma."

"Baba, nitakuja na hii hii."

"Basi nitatafuta mwingine."

"Sawa, baba. Nawatakia heri maharusi."

Alitafuta mwingine kweli, tena mmoja wa wale wa Mwanjelwa, ambaye alinieleza jambo hilo mara mbili ili nisikie vizuri. Jumamosi ile nilikuwa Chunya kwenye ndoa ya mchimbaji dhahabu na mwalimu. Vumbi lilitufuata mpaka ndani ya kanisa. Bwana harusi alitetemeka mpaka akaangusha pete, na bibi harusi akainama kuiokota yeye mwenyewe, shela na yote, kabla msimamizi hajaiwahi. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mwanamke!" Kanisa zima likacheka. Nilikuwa karibu, nimepiga goti sakafuni, nikaipata picha, kwenye kadi zote mbili.