Nilipanda majani yanayotambaa kwenye kaburi la mama, yakang'olewa kwa upendo

Kamwene wakuu. Hiyo ni salamu yetu huku Njombe, itikieni hata kimoyomoyo.

Ninachoandika ni kweli tupu, na naandika nikiwa nimechoka, so mnivumilie.

Mama yetu tulimzika shambani kwake, kijiji cha jirani na misheni. Pale ni mteremko. Kila mvua zikija udongo wa kaburi unashuka bondeni, msalaba unainama, naenda kuunyanyua. Kujengea bado, ndugu hatujaelewana.

Mimi naishi Makambako, nasimamia gesti jirani na stendi.

Siku moja kwenye kitalu cha maua barabarani nikaona mmea unaotambaa, majani madogo ya mviringo, unafunga ardhi kama mkeka. Hata muuzaji hajui jina, anasema "ground cover" tu. Nikasema huu ndio utakaomshikia mama udongo wake.

Wakuu, mmea ule unakunywa maji kama ng'ombe. Na upepo wa Makambako mnaujua. Beseni la kwanza nyuma ya gesti lilikauka lote.

Nikajifunza taratibu. Uweke kivulini, udongo usikauke, juu mwaga maranda kidogo yashike unyevu. Ukirefuka kata kipande chenye vifundo, kilaze chini, kigandamize. Kila kifundo kinatoa mizizi.

Uliponikubali nikaupeleka Njombe. Kiangazi chote wikiendi zangu ziliishia kupandisha madumu ya maji kutoka kinyungu cha mama, yaani ile bustani yake ya bondeni, ambayo tangu afariki hakuna anayeilima. Wife akawa ananuna. Mgongo ndio msiulize.

Lakini ulifunga. Kaburi lote kijani. Sikumwambia mtu, niliona ni shughuli yangu na mama.

Ikafika siku ya kuwaombea marehemu. Nakuta kaburi tupu! Limekwanguliwa kwa jembe, limefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana.

Pembeni amekaa mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, anahema, jembe mapajani.

Sasa elewa, huku kwetu kaburi safi ni udongo mtupu. Majani ni aibu, marehemu anaonekana hana watu. Nalijua hilo tangu utoto, sijui kwa nini halikunijia.

Akaniambia, "Nimemkuta dada amefunikwa na majani kama hana ndugu. Ndiyo mnamwacha hivi, mwanangu?"

Niliumia wakuu. Bibi mzima kapiga magoti pale peke yake, sikutaka ajue kuwa ameng'oa kazi yangu. Nikasema asante mama, nikaenda kusimama nyuma ya ndugu wengine waliokuja kwenye sala.

Mvua zikaanza. Udongo ukashuka, msalaba ukalala kabisa. Nikakata tamaa, sikutafuta hata mche mwingine.

Baadaye mama mdogo akanipigia niende. Akanishusha kinyunguni. Yale majani aliyoyang'oa na kuyatupa kule bondeni yalikuwa yametambaa ukingo wa mfereji wa maji wa bustani ya mama. Kwingine kote ukingo umebomoka, pale yalipo umesimama. Akaniuliza yametoka wapi majani haya.

Nikamweleza yote, na madumu yote.

Kisha akasema, "Basi yarudishe. Nitamwagilia mimi, wewe uko mbali. Ila pembeni tutafagia, anayepita ajue ana watu."

Ndivyo kaburi lilivyo sasa. Juu majani, kuzunguka pembeni mistari ya ufagio. Msalaba haujainama tena.

Funzo langu ni dogo: unapomtunza mtu, waambie na wengine wanaompenda, la sivyo mtang'oleana kazi.

Mwenye kujua jina la huu mmea, na kama utavumilia baridi ya Njombe mwezi wa saba, aseme hapa chini. Mimi nilishachoka kuuliza. Ni mama mdogo ndiye anayenipigia kila asubuhi, anataka jibu.