Sweta Iliyoenda Naivasha

Sweta ya binti yangu imerudi kutoka kwa safari ikinuka moshi wa kuni, na hasira imenipanda hata kabla sijamsalimia.

Nikiwa darasa la nne, mimi na ndugu zangu tulipanga kwa wiki nzima kwenda na baba kulala kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, Naivasha. Orodha niliandika mimi: blanketi, sufuria, taa. Asubuhi ya safari, tukiwa tumeshapanda pikapu, watoto wa anko wakatokea kutoka Nairobi bila kualikwa.

"Shukeni, wageni wakae," baba akasema. "Nyinyi mtaenda siku nyingine." Akanigeukia, akimwonyesha mmoja wao. "Na wewe mpe huyu sweta yako, kule ni baridi."

Nikavua.

Jumapili jioni baba alinitupia ile sweta, inanuka moshi.

"Fua hiyo haraka. Kesho ni shule."