Droni Isiyokumbuka Njia

Hasira zangu na hii droni mpya hazijaisha, na sitaki mtu aniambie nitulie. Ile ya zamani ilikuwa na akili. Ulikuwa unaipaisha mara moja tu, unaionyesha vituo vyake angani: hapa pinda, pale shuka kidogo, pale geuza kamera iangalie chini. Ukishahifadhi hiyo njia, hata upitishe mwaka mzima, unabonyeza mara moja, inaondoka na kurudia vilevile, bila wewe kugusa kitu. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga, na hiyo droni ilinipunguzia kazi nusu. Siku moja ikanaswa na nyaya za umeme huko Kawangware ninapoishi, ikaanguka, ikawa imeisha.

Nikanunua mpya. Ndogo, haina kelele, kamera safi ajabu. Nikatafuta mahali pa kuweka vituo, nikatafuta tena, nikadhani macho yangu ndiyo mabovu. Nikampigia aliyeniuzia.

"Hiyo walitoa, bosi," akasema, bila aibu. "Lakini cheki, hii inakufuata kila mahali. Ukiinua mkono tu, inakupiga selfi."

Nikamuuliza selfi ni ya kazi gani. Akaniambia kama nataka vituo ninunue ile kubwa. Yaani kitu ni kipya, kinafanya mambo machache kuliko cha zamani, na mtu anakuongelesha kana kwamba amekufanyia hisani.

Hayo yote ningeyameza, kama si shule ya anti.

Anti ni mdogo wa mamangu. Ana shule ya chekechea mtaani Kianda, vyumba vya mabati vilivyopangana karibu na mto. Nilipokuja Nairobi kutoka Busia nililala katika kimoja cha vyumba hivyo, madawati yakisukumwa pembeni kila jioni. Sasa, baada ya mvua kubwa na mafuriko, walikuja watu na rangi nyekundu wakachora X ya kubomolewa kwenye kila ukuta ulio karibu na maji. Vyumba vyote vya anti vikachorwa. Akaenda kuteta.

"Mimi sijasogea," akawaambia. "Ni mto umenifuata."

Afisa aliyesimamia ile kazi, mtu wa kusikiza kusema kweli, akampa nafasi. Alete picha za mahali hapo kutoka juu, ya zamani na ya sasa. Kama ni mto umehama, watachimba waurudishe kwake. Kama ni majengo yamesogea, kilichosogea kitatoka.

Picha ya zamani nilikuwa nayo. Mwaka niliponunua ile droni ya kwanza niliijaribia hapo hapo Kianda, nikaiwekea njia: kutoka tangi la maji hadi pembe ya kanisa, kutoka kanisani hadi darajani, halafu inarudi ikifuata mto. Lakini ukiwa juu, Kianda ni mabati tu, kutu kwa kutu, huwezi kujua paa hili ni la nani. Ili picha mbili ziseme kitu lazima zipigwe mahali pamoja, kimo kimoja, halafu uzilaze moja juu ya nyingine. Ni kazi ya kubonyeza mara moja, na hiyo ndiyo walitoa, wakaniachia selfi.

Siku ya kwanza niliipaisha kwa mkono. Upuzi mtupu. Jua linapiga skrini ya simu, upepo unasukuma droni, mimi nakisia tu. Nilipozilaza zile picha, kanisa lilikuwa limekaa katikati ya mto.

Ndipo nikaamua kuweka vituo vyangu chini, vitu ninavyoweza kuviona kutoka juu. Niliwaomba walimu wa anti wanisaidie na mabeseni mekundu, tukaweka moja kando ya tangi, moja kwenye pembe ya kanisa, moja darajani, na mengine ukingoni mwa mto. Nikawasihi wasiyaguse. Nikapaisha. Tangi, sawa. Kanisa, sawa. Nikaelekea darajani, beseni hakuna. Nikadhani nimepotea. Kumbe liko, linatembea. Na lile la kanisani pia linatembea. Maji yalikuwa yamekuja kwenye bomba baada ya siku nyingi za ukavu, na vituo vyangu vyote vilikuwa vimepanga foleni.

Nilifoka siku hiyo. Mwalimu mmoja akanisikiza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa wewe, maji yaje, beseni ikae tu hapo bure?" Anti alikuwa anacheka, ameshikilia ukuta.

"Si uweke yaliyotoboka," akasema. "Nani atayachukua?"

Jumamosi nikarudi na mabeseni yaliyotoboka. Hakuna aliyeyagusa. Niliruka polepole, kituo hadi kituo, shingo ikaniuma. Jioni nikaweka kompyuta kwenye dawati la watoto, anti akakaa kando yangu. Tangi likakaa juu ya tangi. Kanisa juu ya kanisa. Nilifurahi, nikaanza hata kuwatukana waliotengeneza ile droni. Halafu nikaona mto umekaa juu ya mto, pale pale. Kilichoongezeka kilikuwa paa moja upande wa maji, darasa la wale wadogo kabisa. Kwenye picha ya zamani hapo palikuwa na shamba dogo la nduma.

Anti akasogea karibu na skrini.

"Mwaka nilipojenga hilo, wazazi walileta watoto wengi," akasema. "Ningewarudisha wapi?" Kisha, bila kuniangalia, "Si ungeipaisha tu vibaya kidogo? Kama ile siku ya kwanza."

Picha ya kanisa mtoni ilikuwa bado kwenye kompyuta. Nikaifungua, nikamwambia nitampa anayotaka. Roho iliniuma, maana nilikuwa nimesumbua kila mtu nikitaka usahihi, na huo usahihi ndio huu sasa. Akaitazama ile mbaya, akatafuta vyumba vyake vya zamani. Havikuonekana vizuri hata kimoja. Akarudi kwenye ile nzuri, akaviwekea kidole, kimoja kimoja, mbali kidogo na maji.

"Peleka hii," akasema.

Nikampelekea afisa. Anti naye hakungoja mtu atumwe kubomoa. Aliita fundi, wakang'oa mabati ya lile darasa, watoto wakahamia verandani. Vyumba vingine vikafutwa X. Afisa alitaka picha moja zaidi, ya kuonyesha kwamba darasa limetoka kweli, nami nikarudi na mabeseni yangu mabovu, nikilaani njia nzima.

Tulipoyapanga, moja lilibaki. Anti akalichukua, akaenda kulisimamisha mahali darasa lilipokuwa.

"Piga na hapa," akaniambia.

Hapo hapakuwa kituo. Nikapiga.