Zipu za Kigeni na Vifungo vya Wifi

Mama Zipu hakuzaliwa na jina hilo, wala hana mtoto aitwaye Zipu. Jina alipewa kazini, na alilipenda kuliko lile la kwenye vyeti, kwa sababu hili alilitolea jasho. Katika karakana ya makoti alikofanya kazi hapakuwa na wa kumfikia kwa kutia zipu. Aliiweka katikati ya mapande mawili ya kitambaa kizito, akabana midomo, akakanyaga cherehani, na kabla hujamaliza kupiga chafya yeye ameshamaliza. Tena imenyooka. Ukiivuta inapanda bila kunung'unika, tofauti na watu wengi wanapoambiwa wapande ngazi.

Meza iliyoelekeana na yake ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa vifungo. Wifi ndiye aliyemtafutia kazi pale, mwaka ule ule alioolewa, na tangu hapo haikupita asubuhi bila wawili hao kuchokozana.

"Wifi, bado uko kwenye tundu la jana?" Mama Zipu angeuliza.

"Niko, wifi yangu. Na siku zipu yako ikiachia meno, watakuja hapa hapa kuniomba kifungo."

Wenzao walicheka mpaka mpiga pasi akasahau pasi juu ya nguo. Ulikuwa utani, ndiyo, lakini utani wenye mfupa ndani. Kwa miaka yote hiyo Mama Zipu hakuwahi, hata mara moja, kukiri mbele za watu kwamba kushona tundu la kifungo kwa mkono nayo ni kazi. Vifungo, alisema, ni vya wazee wasio na haraka ya kwenda popote. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, na Mama Zipu aliujua msemo huo vizuri sana. Aliutumia kwa wengine tu.

Siku mambo yalipogeuka, mwenye karakana, mama mmoja mrefu ambaye wote walimwita Bosi, aliwakusanya kwenye meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa na habari njema: mnunuzi wa ng'ambo, kwenye nchi ya baridi kali, anataka makoti ya watoto, tena mengi. Kisha akakohoa, na mtu akikohoa baada ya habari njema, jiandae.

"Nchi yake inaruhusu nguo zetu ziingie bila ushuru," Bosi alisema, "ila kwa sharti. Koti liwe la hapa kweli. Kitambaa kimefumwa hapa, sawa. Limeshonwa hapa, sawa. Lakini vitu vilivyotengenezwa kwingine visizidi sehemu ndogo ya thamani ya koti. Vikizidi, koti linahesabiwa la kigeni, linatozwa ushuru, na mnunuzi anatuaga. Sasa bitana yetu ya joto inatoka nje, na zipu zetu zinatoka nje. Moja lazima iondoke."

"Si utoe bitana?" alidakia Mama Zipu.

"Mtoto agande?"

Macho yakamgeukia Mama Zipu, kisha yakahamia kwingine kwa heshima, utadhani wamepita penye msiba. Bosi akamalizia kwamba makoti yatafungwa kwa vifungo vya pembe za ng'ombe, maana mchongaji wake yuko hapo hapo mjini, na kwamba matundu yatashonwa kwa mkono, kwa kuwa mashine ilikuwa inakitafuna kile kitambaa kizito. Anayeweza matundu abaki. Asiyeweza atapumzika nyumbani mpaka ipatikane kazi nyingine.

Mama Zipu aliyajua mapumziko ya aina hiyo. Wapo waliokwenda kupumzika, na waliporudi walikuta viti vyao vina joto la watu wengine.

Asubuhi iliyofuata aliingia na mfuko mkubwa, uso unang'aa, akaumwaga juu ya meza ya Bosi. Zipu. Zipu za kila rangi, ndefu kwa fupi, nyingine zikiwa bado na nyuzi za nguo zilikotoka. Alikuwa ameamkia soko la mitumba, akakusanya majaketi yaliyochakaa kwa bei ya bure, akayafumua njiani kote.

"Tatizo limekwisha," alitangaza. "Hizi hazitoki nje. Hizi ni za hapa."

Bosi akaokota moja, akaigeuza. "Za hapa vipi? Hii imeandikwa maneno ambayo hata kuyasoma siwezi."

"Zimekaa hapa miaka, Bosi. Zimevaliwa hapa, zimefuliwa hapa, zimenyeshewa mvua ya hapa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hizi zimeshalima vya kutosha!"

Karakana nzima ililipuka. Mkata vitambaa aliweka mkasi chini ili asijikate. Hata Bosi ilibidi akae.

"Forodha hawaulizi zipu imeishi na nani," alisema akifuta machozi. "Wanauliza imetengenezwa wapi."

"Hata mtu akikaa sana si hupewa uraia?"

"Mtu, ndiyo. Zipu, hapana. Kamwombe wifi yako akufundishe."

Hilo ndilo hasa Mama Zipu alilokuwa akilikwepa, na ndilo lililomfanya amalize majaketi ya soko zima. Kwenda kwa wifi na kusema nifundishe! Angetaniwa mpaka wajukuu wazeeke. Alijaribu kumtuma mumewe akamsemee kwa dada yake. Mumewe, mtu mpole anayeipenda amani kuliko chakula, alitikisa kichwa.

"Mke wangu, kati yako na dada yangu mimi ni kitambaa, na nyinyi ni mkasi. Nenda mwenyewe."

Akaenda. Alivuta kigoda hadi mezani kwa wifi, akakaa, akaangalia sakafu. "Wifi," alisema, "nimekuja."

Alikuwa amejiandaa kwa kejeli, amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Kejeli haikuja. Wifi alisogeza taa, akampa kipande cha kitambaa, akatia uzi kwenye sindano. "Anza pembeni," alisema. "Usivute sana, usilegeze sana. Kila mshono ukae begani kwa mwenzake."

Tundu la kwanza lilipanuka likawa mdomo wa mtu aliyepigwa na mshangao. La pili lilifumba kabisa. Mama Zipu, aliyezoea kukimbia na cherehani, aligundua kwamba sindano ya mkono haikimbizwi; ukiikimbiza inakuchoma. Vidole viliuma, shingo ikakakamaa. Mchana wa kwanza alikaribia kulia kwa hasira, na kilichomzuia ni kiburi tu. Kila siku alisubiri wifi aseme neno, na kila siku wifi alifumua kile kilichoharibika na kumrudishia.

"Mbona hunisemi?" hatimaye aliuliza.

"Kazi kwanza," wifi alijibu, bila hata kutabasamu. Ukimya huo ulimtisha Mama Zipu kuliko matusi. Aliogopa kwamba wifi ameshamhesabu miongoni mwa wanaoondoka, na watu hawamtanii mgonjwa mahututi.

Siku ya ukaguzi makoti yalilazwa mezani, mikono imetandazwa. Bosi alikuwa amesema wazi kwamba koti litakalokataliwa, fundi wake ataondoka nalo. Alipita taratibu, akipitisha kidole kwenye kila tundu, na mafundi wakawa wamesimama ukutani wamefumbata mikono. Karibu na mwisho wa meza akasimama. Akainua koti dogo la kijani.

"Hili tundu la chini limepinda. Koti la nani?"

Mama Zipu alilitambua pale pale. Alikumbuka hata jioni yenyewe, alipokuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Akafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka mtu mwingine akajibu.

"Langu," alisema wifi.

Bosi akamtazama wifi, akalitazama koti, akamtazama tena. Wifi alisimama wima, kidevu juu, akidanganya bila kupepesa macho. Mama Zipu angeweza kunyamaza. Kiti chake kingebaki chake, na wifi, fundi mkuu wa vifungo, nani angemfukuza kwa tundu moja? Lakini alipoona wasichana wawili pale ukutani wakitazamana kwa mshangao, kwamba kumbe hata yule hukosea, alishindwa kuvumilia.

"Muongo!" alipiga kelele. "Huyu hajapindisha tundu tangu azaliwe! Hakuna mkono kama wake nchi hii, na kazi yake ni ngumu kuliko yangu mara kumi, mimi nimejaribu na vidole vyangu ni mashahidi! Hilo ni langu. Nitoeni mimi."

Bosi alilisogeza lile koti mpaka mbele ya Mama Zipu. "Anayeliona kosa lake toka kule ukutani, simtoi," alisema. "Kaa chini, fumua, urudie."

Mama Zipu alikaa, akaokota sindano. Alipoinua macho, wifi alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamtiririka waziwazi, bila aibu.

"Niliogopa, wifi," alisema. "Niliogopa kweli. Wangekutoa ningebaki na nani mimi hapa?"

Kisha akajifuta kwa kiganja, akageukia karakana nzima, na ule uso wake wa uchokozi ukarudi wote kwa pamoja.

"Yule mpiga pasi kule mwisho hakusikia vizuri. Wifi yangu, hebu rudia: kazi ya nani ni ngumu mara kumi?"

Na Mama Zipu, sindano mkononi, akarudia kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.