Serikali Bado Haijauza

Pesa za kuingilia nyumba nilizinunulia bitcoin. Niiseme mapema, kabla sijaanza kuipamba.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha, huko Kawangware. Mke wangu ndiye aliyekipata. Anafanya kazi ya nyumba Lavington, na kwa kuwa nauli ya kutoka kwetu Kibera ingemla mshahara, siku za kazi hulala Kawangware kwa dada yake. Jumapili baada ya kanisa huja kwetu Mashimoni, humo humo Kibera, tunakula, anarudi. Tulikubaliana nihamie huko. Mimi, ambaye kwenda mtaa wa jirani wa Kisumu Ndogo kununua uzi naona ni safari, nilikubali kuhama.

Sasa, nashona mlangoni pangu, redio kando ya cherehani, na kazi ya zipu humwachia mtu akili nyingi za bure. Siku moja redio ikasema kuna serikali za nje zinazokaa na marundo ya hizo sarafu za mtandaoni, nyingine zikiwa walizonyang'anywa wahalifu. Nikasimamisha mguu. Mimi nilisoma mpaka fomu foo, najua kufikiri. Serikali ikikamata chang'aa, ile pombe haramu, nikawaza, huimwaga mtaroni watu wakiona. Hii haikumwagwa. Basi ni mali.

Nikanunua kwa simu. Haikuchukua muda, bei ikateremka kama mtu wa Mashimoni wakati wa mvua, yaani kwa makalio. Chumba chenye dirisha kikapata mpangaji mwingine.

Jumapili nilimweleza mke wangu yote, pamoja na hoja ya chang'aa, ambayo bado nilikuwa naionea fahari. Alinisikiliza huku akivua viatu.

"Pale kituo cha polisi kuna magari yameshikwa mpaka yameota nyasi," alisema. "Hayo nayo ni mali? Mzee, kukaa na kitu si kukipenda."

Tangu hapo Jumapili zake zimekuwa na visingizio. Mara dada anaumwa, mara tajiri wake ana wageni. Navipokea vyote, sina cheo cha kuvikagua. Jumapili napika ugali na mkono wangu haujajifunza kupunguza unga. Unabaki wa mtu mzima. Kitandani upande wa ukutani ni wake tangu kabla hajapata kazi Lavington, na alfajiri nikisikia slipasi za mtu zikipita nje, nakunja miguu ili mke wangu apite.

Juzi alinipigia simu. Amepata chumba kingine. Hakina dirisha, lakini mlango unafunga vizuri, na mwenye nyumba anataka pesa kabla ya Ijumaa. Nikiuza bitcoin sasa, nikaongeza na za zipu, zitatosha, ila hasara nayo itakuwa yangu moja kwa moja. Nikamwambia nitafikiria. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni upande wake, nikayaonea wivu yale maji.

Kufikiria nilienda kufikiria na jirani, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye meza yake inagusana na cherehani yangu. Nilimweleza kwamba hata huko nje kuna wasomi wanaosema hiyo kitu haina thamani yoyote, ni hewa tupu, na wengine wanasema itapanda tena, na katikati ya kelele hizo zote serikali zimetulia, hazijauza. Kama wao wenye wachumi wanangoja, mimi wa zipu nakimbilia wapi?

Aliendelea kumjazia mteja mkebe wake wa omena, akamwongezea kidogo, akapokea pesa. Kisha akajifuta mikono kwenye leso na kuniangalia kama nguo iliyochelewa kuletwa kwa fundi.

"Fundi, serikali inaweza kungoja mpaka izeeke. Haina bibi Kawangware."